Printa Aliyoichagua Bwana Tulia

Baba yangu alipiga watu picha kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo neno lake lilikuwa moja: tulia. Bibi harusi, tulia. Wewe wa pasipoti, tulia, funga mdomo, hawataki kuona meno yako. Mtoto wa miezi miwili ambaye hata shingo haijakaza, tulia. Mtaa ukamwita Bwana Tulia, na mimi nikawa binti wa Bwana Tulia, ingawa kutulia kwenyewe sikujaliwa. Nina ulimi mkali na hasira za karibu. Nasema mapema, maana mbele ya safari vitu hivyo viwili vina kazi yake.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu: pazia la buluu, stuli, taa mbili na kaunta ya mbao. Stoo iliyo kati ya jiko na uani ndiyo ilikuwa chumba cha giza. Baba alijifungia humo na taa yake nyekundu, na Mama alikaa nje ya mlango na mabeseni mawili chini ya bomba. Karatasi ya picha ikitoka kwenye dawa lazima ioshwe kwa maji yanayotiririka, tena kwa muda mrefu, la sivyo dawa inabaki ndani na uso wa mtu unageuka njano kabla ya mwaka kwisha. Hiyo ilikuwa kazi ya Mama. Aligeuza picha moja moja ndani ya maji, akazipapasa kwa kidole gumba, na akisikia utelezi kidogo tu alizirudisha. Zikiwa tayari alizibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, soksi zangu upande huu, mabwana harusi upande ule. Mteja akija na haraka zake, Mama alitoka mbele akijifutia mikono kwenye gauni.

"Bado zinaoshwa. Njoo kesho."

Hakuna aliyebishana naye. Hata askari mmoja aliyeingia na sare na sauti nzito aliambiwa njoo kesho, na akaja kesho. Baba alipenda kusema kwamba yeye anapiga picha tu, anayezifanya zidumu ni mke wake.

Nilipofika miaka kumi na mitatu, Baba akanunua kamera ya dijitali. Mashine ya kukuzia picha ikauzwa, chupa za dawa zikamwagwa, stoo ikarudi kuwa stoo ya viazi na ndoo. Picha za wateja alizipeleka kuchapwa kwenye duka lenye mashine kubwa. Za kwetu akasema atazichapa siku moja. Siku moja hiyo sote tunaijua. Zilikaa kwenye kadi za kamera, kutoka kwenye kadi zikahamia kwenye kompyuta, na kwenye kompyuta zikalala usingizi wa pono. Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu na wateja wakatupa kisogo. Mimi nikasomea ushonaji, nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na cherehani yangu na kuiweka pale pale lilipokuwa pazia la buluu. Nashona sare za shule.

Halafu Mama akaanza kusahau. Mwanzoni zilikuwa sufuria na siku za wiki, tukacheka naye. Ilipofika zamu ya kusahau watu, hakuanza na majirani wala na Baba. Alianza na mimi. Asubuhi moja nilimpelekea chai, akanishukuru kwa adabu sana, akaniuliza, "Dada fundi, wewe kwenu wapi?"

"Kwetu hapa hapa, Mama."

Akacheka kidogo, kama mtu anayeupokea utani wa mgeni asioufahamu.

Nilimwogesha, nilimlisha, nilimsuka nywele, na kila mchana alichungulia dirishani na kuniagiza: "Dada fundi, mwanangu akirudi kutoka shule, mwambie chakula chake kipo." Usiniambie ni ugonjwa. Najua ni ugonjwa. Daktari alituchorea mpaka ubongo kwenye karatasi, akatueleza kwamba mambo ya karibuni ndiyo hutangulia kupotea. Iliniuma vile vile. Nilikuwa namwonea wivu mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mtoto mwenyewe ni mimi.

Baba ndiye aliyegundua kitu. Mama alikuwa na albamu mapajani, anawataja watu mmoja mmoja bila kukosea: huyu wifi yangu, huyu fundi baiskeli, huyu mwanangu siku aliyoanguka kwenye ngazi za uani akapasuka nyusi. Akafika picha ya mwisho, mimi na sare ya shule, soksi moja juu, nyingine chini. Akafungua ukurasa uliofuata. Ulikuwa mtupu. Akafungua mwingine, nao mtupu, akafunga albamu na kuniangalia mimi bila kuona chochote cha kumhusu.

"Si kosa lake," Baba akaniambia jikoni. "Watu wote anaowajua amewashika kwa mkono, wakiwa wamelowa. Wewe mara ya mwisho kukushika ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Baada ya hapo sikumpa picha yako hata moja."

"Baba, Mama alinizaa. Hanijui kwa picha."

"Sasa hivi anakujua kwa kitu gani?"

Swali lile lilinikera zaidi. Baba alikuwa amepanga kila kitu: picha moja kwa kila mwaka, kuanzia kumi na minne mpaka thelathini na minne, ziwe za rangi nyeusi na nyeupe kama zile alizozizoea, na Mama apewe moja kila siku mpaka anifikie mimi niliyekaa pale kwenye cherehani. Tulishajaribu kumwonyesha kwenye kompyuta. Aliona sura yake mwenyewe kwenye kioo akasema kuna bibi humo ndani anamtazama vibaya. Duka la picha Baba hakulitaka kabisa, anadai wale wanawapaka watu unga. Kwa hiyo tukaenda kutafuta printa ya nyumbani, na kama hujawahi kununua kitu na Bwana Tulia, mshukuru Mungu wako.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Baba hakuuliza mashine ina kasi gani wala ina waya au haina. Alitoa flashi mfukoni, na ndani yake picha moja tu: mimi nikiwa na miaka ishirini, shati jeupe, nimesimama mbele ya mlango mweusi. "Hii ndiyo ya kuumbulia mashine," akasema. "Ngozi yetu, shati jeupe, mlango mweusi. Ikiziweza zote tatu, tutaongea."

Ya kwanza ilikuwa mashine ya leza. Ilitema karatasi kabla hata muuzaji hajamaliza kuvaa miwani, na uso wangu ukatoka bapa, unang'aa, kama wa mgombea kwenye tangazo la uchaguzi. Baba aliirudisha kwa vidole viwili.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kubebeka, isiyotumia wino wa majimaji bali utepe wa rangi. Karatasi iliingia na kutoka mara nne, njano, nyekundu, buluu, na mwisho ikavikwa utando mwembamba wa kuilinda. Muuzaji aliipenda hiyo, alionekana. Alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akaimwagia picha yangu mezani, akaifuta kwa kitambaa, akainua juu. Haikuwa na alama.

"Mzee, hii hata ukiisahau kwenye mvua. Nyumbani kuna watoto? Watoto humwaga maji."

"Kwangu hakuna mtoto. Yupo huyu," akanielekeza kwa kidevu, "na huyu hamwagi kitu ila maneno."

Watu dukani wakacheka. Baba akaipeleka picha mlangoni kwenye mwanga wa jua. Nyeusi yake ilikuwa na ukijani. "Mwanangu anaumwa hapa," akasema. Tena ilikuwa ndogo, haizidi kiganja, na macho ya Mama yalishachoka.

Ya tatu ilikuwa pana, ya matanki sita ya wino, moja likiwa la kijivu. Ilichapa polepole, mstari baada ya mstari, na Baba aliinama akaitazama kama alivyokuwa akitazama picha ikijitokeza ndani ya dawa. Alipoipeleka mlangoni aliigeuza na kuigeuza tena kwenye jua. Niliisogelea. Ngozi yangu ilikuwa ngozi, mlango mlango, na kwenye shati zilionekana nyuzi za mshono nilioushona mwenyewe.

"Hii ni nzuri, sikatai," muuzaji akasema. "Lakini nisikufiche, mzee, wino wake haupendi maji. Picha ikilowa, imeharibika."

"Mama yangu," Baba akamjibu, "nimekuja kutafuta picha ya kutazama. Sikuja kununua sahani."

Tulivunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na mikono ya mashati inanisubiri nyumbani na nilitaka tuondoke. Mpaka leo siwezi kumlaumu kwa uchaguzi ule. Alitafuta nyeusi, akaipata. Alitafuta ukubwa, akaupata. Jambo lililotufikisha tulikofika alilijua kuliko muuzaji, kuliko mimi, kuliko mtu yeyote pale dukani, na kwa kuwa alilijua kupita kiasi hakuliona.

Kazi ikaanza. Kila siku saa nne asubuhi, Mama akishakunywa chai na akili yake ikiwa bado haijachoka, Baba alimpa picha moja. Siku ya kwanza aliipokea, akainusa, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Imeoshwa hii?"

"Imeoshwa," Baba akajibu bila kupepesa jicho.

"Mwanangu kapanda urefu."

Baba alitoka akaenda kusimama jikoni peke yake. Nilimfuata nikamkuta anajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, nikamwambia aangalie, kile kitambaa kina pilipili. Ndivyo nilivyo. Lakini nilikuwa na furaha iliyonitia woga.

Miaka kumi na tano: "Hii sare inambana, nani anamshonea?" Kumi na minane: "Huyu ameanza maringo." Ishirini na nne, siku ya harusi yangu, aliitazama sana kisha akasema, "Mume simpendi," na katika hilo alikuwa na akili kutushinda sote. Kila siku alinusa, kila siku alipapasa, kila siku aliuliza kama imeoshwa, na kila siku Baba alijibu imeoshwa. Mimi nikiwa kwenye cherehani nilisikia swali lile na jibu lile mpaka nikayazoea kama saa ya ukutani.

Siku ya ishirini tulifika miaka thelathini na mitatu. Baba alizipanga picha zote kwenye kaunta ya zamani, akaweka albamu mwanzoni. Mama alitembea kando ya kaunta akizigusa moja moja kwa kidole. Alipofika mwisho aliinua uso, akaniona nimekaa hatua tatu kutoka kwake, akaja. Aligusa nyusi yangu, pale penye kovu.

"Na wewe ulianguka?"

"Nilianguka, Mama. Kwenye ngazi za uani."

"Nani alikufunga bandeji?"

"Ulinifunga wewe."

Hakuondoa kidole. Aliyatazama macho yangu, kisha kovu, kisha macho tena, na midomo yake ikaanza kutafuta neno. Nikashika meza ya cherehani. Neno halikufika. Akasema chai imepoa, akarudi kwenye kiti chake.

Baba alikuwa mlangoni, ameona yote. "Kesho," akaninong'oneza. "Imebaki ya leo tu. Kesho atafika." Akachukua kamera, akanipiga nikiwa pale pale kwenye cherehani na gauni langu la kijani. "Tulia," akasema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kutulia.

Asubuhi nilivaa gauni lile lile, kama tulivyokubaliana. Baba akachapa picha ya mwisho, ikatoka na mistari. Akasafisha mashine, akachapa tena, bado mstari mmoja ulipita shavuni. Ile ilikuwa karatasi ya mwisho. Mtu mwingine angeichukua hivyo hivyo. Bwana Tulia akavaa viatu.

"Nusu saa," akasema. "Mwangalie mama yako."

Nilikuwa na blauzi arobaini za shule moja zinazochukuliwa mchana. Nilikuwa sijalala vizuri kwa kukiwaza kile kidole kwenye nyusi yangu. Nilishona huku nikisikiliza nyayo zake, nikijiambia labda hatutahitaji hata hiyo picha ya mwisho, labda atatoka tu chumbani na kuniita jina langu. Akatoka. Alikwenda kwenye kaunta, akazikusanya picha zote kifuani, albamu juu yake, akanigeukia.

"Dada fundi."

Neno lile lilinichoma. Baada ya jana, baada ya siku ishirini, baada ya gauni.

"Dada fundi, hizi zimeoshwa?"

Jibu nililijua. Lilikuwa neno moja, na nilishalisikia kila asubuhi ya siku zile ishirini. Sikuinua hata mguu kwenye pedali.

"Mimi fundi wa nguo, mama. Mambo ya picha siyajui."

Akafyonza. "Kama hujui, basi hazijaoshwa."

Akaenda zake nyuma. Nilisikia bomba la uani likifunguliwa, nikajiambia anaosha vikombe, nikakaza mguu nisilisikie. Nilikuwa nimenuna. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, nimemnunia mgonjwa.

Baba alirudi na karatasi kwapani. Aliiona kaunta tupu kabla sijamwona yeye. Alipita kwenda uani, na kwa jinsi alivyotembea nami nikasimama, nikaacha blauzi chini ya sindano.

Mama alikuwa amemaliza. Mabeseni mawili yalikuwa chini ya bomba, moja na maji safi, lingine na maji ya zambarau. Alikuwa amezibandua hata za albamu, na zote alizibana kwenye kamba, kila moja kwa pembe yake, kwa nafasi sawa, kwa mpangilio wa miaka, bila kukosea hata mmoja. Mikono yake haikuwa imesahau chochote. Picha za zamani zilikuwa hazina neno, zilishaoshwa na yeye huyo huyo miaka ile, na maji hayakuzifanya kitu. Mtoto mchanga. Mtoto na ndoo. Mtoto na bandeji kwenye nyusi. Mtoto na soksi moja chini. Baada ya hapo kamba iliendelea na karatasi ishirini zenye madoa ya kijivu, zinachuruzika, na hapakuwa na mtu ndani yake.

Baba aliichukua moja, akaigeuza kwenye jua kama alivyofanya mlangoni mwa duka.

"Alikuuliza?" akaniambia.

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

Nikamwambia nilivyojibu. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

Tulichapa tena, mara mbili. Wino ulikuwepo, karatasi zilikuwepo, picha zilitoka nzuri vile vile. Lakini ugonjwa nao ulikuwa unatembea, na Mama hakuvuka tena miaka kumi na mitatu. Aliipokea ile ya kwanza, akaipapasa, akamrudishia Baba na kusema huyu msichana hamjui. Mashine ipo kwenye kaunta mpaka leo, Baba ameifunika kwa kipande cha pazia la buluu. Kadi ya kamera ina picha yangu na gauni la kijani, nimetulia. Haijawahi kuchapwa vizuri.

Ila ninayoiona kila nikifunga macho ni siku ile uani. Baba amekaa kwenye ngazi na karatasi zake mpya mapajani. Mimi nimesimama mbele ya kamba, kati ya mtoto wa mwisho na doa la kwanza. Mama akafunga bomba, akajifutia mikono kwenye gauni, akazikagua picha zake kwa jicho la kazi.

"Hizi za mwisho hazijatokea," akasema. "Bwana Tulia kaharakisha dawa." Akanigusa bega kwa upole, kwa sababu kwa wageni alikuwa mpole siku zote. "Dada fundi, mwenye picha hizi akija, mwambie bado. Aje kesho."

"Sawa, Mama," nikamjibu. "Nitamwambia."